Fundi wa Disko mnayemjua wote, leo kanivua nguo mbele za watu

Wakuu, leo salamu sina. Nimetoka gereji sasa hivi, hata oili mikononi sijanawa.

Mnamjua. Kila mwenye Land Rover Discovery 3, yaani Disko, mjini hapa ameshapita mikononi mwake. Jina sitaji.

Disko langu, 2.7 dizeli ya 2007, liliwasha taa ya suspensheni (hili linanyanyuliwa na mifuko ya hewa, siyo springi), asubuhi nikalikuta limelala chini. Nikampelekea. Akachomeka mashine, hata jasho halijamtoka, hukumu hiyo: "Kompresa imekufa." Yaani pampu inayoijaza hiyo mifuko hewa. Hakupaka povu la sabuni kwenye mifuko ya hewa aone ipi inavuja. Rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha kompresa, hakuigusa. Na rilei ndiyo ikinata inaiacha kompresa inazunguka mpaka inaungua! Mfuko ukivuja ni yale yale, unafunga kompresa mpya leo, nayo inakufa. Anayajua yote haya. Nikatoa milioni 1.8, "mzigo mpya wa Dubai".

Leo limelala tena. Nikaingia uvunguni mwenyewe, nikafungua kile kifuniko upande wa kushoto, mbele ya tairi la nyuma. Nikaisugua kompresa kwa kidole gumba. RANGI IKABAKI KIDOLENI. Spreyi nyeusi! Chini yake mkwaruzo wangu ule ule. Kompresa yangu mwenyewe imepakwa rangi nikauziwa tena!

Nikamwonyesha kidole. Mbele ya wateja, waosha magari na mama ntilie, mtu ananijibu: "Braza, nani alikwambia Disko ni Vitz? Mfuko hauruhusu, kanunue IST." Watu wakacheka! Gereji nzima, mpaka mlinzi wa jengo la jirani, nadhani na waliokuwa kwenye daladala walicheka.

Nani alikwambia Disko ni Vitz! Mimi! Ambaye mkanda wa taimingi nilibadilisha kabla ya wakati, na ule wa nyuma wa pampu ya dizeli ambao wengi wenu hamjui hata kama upo! Handbreki ya umeme ikianza kulia naiwahi siku hiyo hiyo. Hela ninayo. Ameila yeye, halafu ananiambia sina. Nani alikwambia Disko ni Vitz. Usiku huu silali.

Mzee_wa_Spana: Pole mkuu. Huyo huyo aliniuzia mifuko ya mbele, nyufa zimepakwa kiwi. Kiwi ya viatu!

Kijana_Mpole: Kanunue IST 😂😂😂

Mpitanjia77: Bila picha ya kidole uzi haujakamilika.

Mzee_wa_Spana: Mimi nilichomoa mifuko yote nikafunga springi. Nina amani.

Mleta uzi: Mkuu, springi kwenye Disko ni kuliua gari. Na hapa tunaongelea wizi. Kompresa ILE ILE imepakwa rangi!

ML_Mweusi: Mna kompresa tu mnalia. Njooni kwenye Benzi ML W164, nayo inalala chini, halafu spea ukiulizia muuzaji anakuangalia viatu kwanza ndiyo ataje bei.

Dada_wa_V8: Ndiyo maana sisi tuko Toyota.

ML_Mweusi: Dada, nozo za V8 dizeli, zile za kupuliza mafuta kwenye injini, zikianza kugonga uje utuambie mko wapi. Ziko nane hizo.

Dada_wa_V8: Nozo zinakufa kwa mafuta machafu, siyo gari. Weka mafuta kituo kinachoeleweka, badilisha filta kwa wakati. Mimi yangu haijawahi kuguswa.

Kijana_Mpole: Haijawahi kuguswa kwa sababu inalala nyumbani, wewe unapanda bodaboda 😂

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Ananiambia nani alikwambia Disko ni Vitz, mbele ya mama ntilie ninayekula kwake kila siku!

Dalali_Mwaminifu: Mkuu hiyo Disko unaiachia bei gani hivyo hivyo ilivyolala? Nina mteja Dodoma.

Prado_TX: Kuna kituo pale njia ya Bagamoyo niliweka dizeli, gari likatoa moshi mweupe mpaka nyumbani. Mnakijua.

Dada_wa_V8: Kile cha mkono wa kushoto kabla ya mzani? Wezi wale!

ML_Mweusi: Hao hao. Mimi walinijazia lita 90 kwenye tenki ambalo halikuwa tupu. Kuna mtu amewahi kupeleka malalamiko EWURA, wale wasimamizi wa biashara ya mafuta, akasikilizwa?

Prado_TX: Fungua uzi wake mkuu, tunakuja wote.