Armada ingefika Uingereza mwaka 1588, ingekuwaje?

Mtaa_wa_Saba: Wakuu, swali la jioni. 1588 Philip wa Pili, mfalme Mkatoliki wa Hispania, alituma Armada, yaani kundi la meli kama 130, kutoka Lisbon kwenda kumng'oa Malkia Elizabeth, Mprotestanti. Calais wakasukumiwa mashua za moto, wakatawanyika. Je, wangefanikiwa kuvusha jeshi la Parma, jemadari wa Philip, kutoka Flanders? Mimi nasema Uprotestanti ungekwisha Uingereza. Na Wareno, ambao hawakuwamo kwenye ugomvi ule, wangeendelea kujijengea Fort Jesus yao huku kwetu bila bughudha.

Nahodha Mstaafu: Tatizo si moto. Bahari ya Dunkirk ni mafungu na maji mafupi, meli kubwa hazisogei. Parma ana matishari yasiyo na mizinga, na vyombo vidogo vya Waholanzi vinamngoja mlangoni. Angetoka vipi?

Mlutheri wa Moshi: "Ungekwisha"? Kwani Uprotestanti ni mafua? Mary Tudor, mke wa Philip huyohuyo, alichoma watu karibu 300 na haukwisha. Tujifunze kuheshimu imani za watu.

Mtaa_wa_Saba: Mkuu, sijatukana dini ya mtu. Ni historia.

BintiKisauni: Hiyo historia ndiyo naitaka. Wareno hawakuwamo? Yakhe, meli aliyopanda kamanda wa Armada, São Martinho, ilikuwa ya Kireno! Mfalme wa Ureno, Sebastião, alikufa vitani Morocco 1578, hana mtoto. Akarithi kardinali, mdogo wake babu yake, naye akafa 1580 bila mtoto. Philip, ambaye mama yake ni Mreno, akamtuma jemadari wake Alba na jeshi, nchi ikawa yake. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Mfalme nani? Philip.

Mtaa_wa_Saba: Dadangu, punguza jazba. Fort Jesus ni ya Wareno, tumesoma tangu shule ya msingi.

BintiKisauni: Shule hiyohiyo ilikwambia Vasco da Gama alitugundua. Tulikuwa tumepotea?

Fundi Mawe: Hahaha. Na aliyeichora ni Mtaliano, Cairati wa Milan. Basi tuwape Wataliano.

BintiKisauni: Milan nayo ilikuwa ya Philip. Endelea kuchimba.

Nahodha Mstaafu: Niliuliza habari za matishari.

Kipanga: Binti amegusa penyewe bila kujua. Swali si 1588, ni 1578. Sebastião, kijana wa miaka 24, anavuka kwenda kupigana Alcácer Quibir, Morocco, hajaoa, hana mrithi. Angebaki kwao, Philip asingeipata Lisbon wala zile galeoni, meli kubwa za vita, za Kireno. Armada ingeondokea wapi?

BintiKisauni: "Bila kujua"? Ahsante sana, kaka.

Kipanga: Nilikuwa nakusifu.

BintiKisauni: Sifa zako zina miba.

Mlutheri wa Moshi: Medali ya wakati ule iliandikwa kwamba Mungu alipuliza, wakatawanyika. Wenye macho wataelewa.

Nahodha Mstaafu: Mungu hakuhitaji kupuliza. Matishari hayakuwa yametoka!

Fundi Mawe: Babu, tumekusikia. Mimi nina la Mombasa. Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyelelewa na Wareno Goa, India, na kubatizwa Jerónimo, aliwageukia na kuiteka ngome. Mwaka uliofuata wakaja kumzingira, wakashindwa. Kisha akaiacha mwenyewe, Wareno wakarudi wakaikuta tupu. Je, asingeondoka?

Mtaa_wa_Saba: Wareno, umeona? Hata wewe umesema Wareno.

BintiKisauni: Wareno wa Philip! Mjukuu wa yule yule. Walijitoa chini ya Hispania Desemba 1640.

Nahodha Mstaafu: Na huyo Yusuf aliondoka na vyombo gani? Hapo ndipo mtanihitaji.