Kuwaondoa wageni walionyamaza katika orodha ya barua pepe

Muulizaji, Moshi
Ndugu zangu, salaam. Ninafanya kazi katika ofisi ndogo inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Kanzidata yetu ina anwani zilizokusanywa tangu 2014, na zaidi ya nusu ya wenye anwani hizo hawajafungua barua yetu hata moja kwa mwaka mzima, ilhali huduma tunayotumia hututoza kwa idadi ya anwani. Mkurugenzi hataki kufuta hata moja, kwa hoja kwamba kila mgeni alipatikana kwa gharama. Je, niwafute wote kwa mkupuo?

Jibu, Arusha
Hapana, dada, kwa sababu kipimo chenyewe cha kufungua barua, kinachohesabu picha zilizomo zinapopakuliwa, hakiaminiki. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha zilizomo kabla mtu hajaisoma barua, hivyo asiyekusoma huonekana amekusoma, na aliyezuia picha huonekana amelala. Tazama waliobofya kiungo, waliojibu na walioomba bei. Isitoshe, biashara yetu si ya sabuni: aliyefika kilele cha Uhuru 2019 hatapanda tena kila mwaka, lakini anaweza kurudi na familia kwenda Serengeti. Watenge waliowahi kusafiri nanyi na wale walioulizia bei tu. Hawa wa pili, wakiwa kimya miaka miwili, waandikie barua moja fupi ukiwauliza kama bado wanataka habari zenu. Wasipojibu kwa wiki tatu, waondoe.

Jibu, Moshi
Naongeza kuhusu anwani zilizokufa. Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Barua ikirudi kwa sababu anwani haipo, iondoe siku hiyohiyo; ikirudi kwa sababu sanduku limejaa, subiri kidogo. Mkurugenzi mweleze hivi: tangu Februari 2024 Gmail inawataka watumaji wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafikii asilimia 0.3, yaani watu watatu tu katika barua 1,000. Ukivuka hapo, hata barua ya bei aliyoiomba mgeni mwenyewe inaweza kuangukia kwenye taka. Hiyo ndiyo hasara anayopaswa kuihesabu.

Muulizaji, Moshi
Nashukuru sana. Na waliojiondoa wenyewe, niwafute kabisa?

Jibu, Arusha
Anwani zao zibaki katika orodha ya waliokataa, la sivyo siku mtu atakapopakia faili la zamani kutoka kompyuta ya mapokezi, watarudi wote na hasira zao. Mengine yafute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hairuhusu kuhifadhi taarifa za mtu kupita haja iliyozifanya zikusanywe. Kwa kweli, anwani hazinitishi kama nakala za pasipoti na fomu za afya za wapandaji, ambazo ofisi nyingi huzirundika katika kanzidata hiyohiyo ya matangazo.

Muulizaji, Moshi
Umenigusa penyewe, kwani fomu zetu zimo humo. Mkurugenzi amekubali tuanze na walioulizia bei tu, wakati wa masika, ofisi ikiwa imetulia. Fomu za afya nitazitoa wiki hii.