Huyu Clifford Brown alikuwa nani?

mdau_wa_jazi: Wakuu habari za usiku, leo nimesikiliza tarumbeta ya huyu jamaa nikarudia mara tatu, sauti nene imejaa halafu hata akienda mbio kila noti unaisikia peke yake. Mbona rekodi zake chache hivyo?

pumzi_ya_shaba: Chache kwa sababu alikufa na miaka 25 tu mkuu. Kazaliwa 1930 Wilmington, Delaware, 1950 akapata ajali mbaya ya gari akalazwa miezi kibao, mpiga tarumbeta maarufu Dizzy Gillespie akaenda kumtia moyo asiache kupiga. 1953 akaenda Ulaya na bendi ya Lionel Hampton, 1954 akaunda kundi na mpiga dramu Max Roach na hapo ndo moto ukawaka. Inaniuma sana kila nikiwaza.

msikilizaji77: Na hakuwa mtu wa unga wala pombe, kipindi kile heroini ilikuwa inawamaliza wanamuziki wengi, mpiga saksafoni Sonny Rollins mwenyewe alisema Brown ndo alimwonesha unaweza kuishi safi na bado ukapiga jazi kali.

mdau_wa_jazi: Daah. Alikufaje sasa?

pumzi_ya_shaba: Ajali tena. Juni 1956, usiku wa mvua, barabara kuu ya Pennsylvania, usukani kashika Nancy mke wa mpiga piano wa kundi lao Richie Powell, Brown, Richie na Nancy wote watatu wakafa palepale. Mpiga saksafoni Benny Golson akamtungia kibao I Remember Clifford, itafute usiku huu huu mkuu.