Kijana kaleta rupia za Mombasa za 1888. Ninunue?

Nina duka dogo la vitu vya kale, Mji wa Kale, Mombasa. Leo kaingia kijana na soksi yenye rupia za fedha za 1888, zile zenye picha ya mizani, pamoja na riale mbili za Maria Theresa, zile sarafu kubwa za fedha za zamani. Eti za marehemu babu. Bei aliyotaka ni ya kutupa, na kitambulisho amesahau nyumbani. Riale moja ina kovu la kishikizo kilichong'olewa, maana yake ilikuwa kidani cha mtu. Nimemwambia arudi kesho. Wenzangu, mngefanyaje?

Jibu: Nunua, kaka. Ukikataa, sonara ataziyeyusha leo leo. Riale ni gramu 28 na nyingi yake ni fedha.

Jibu: Hoja hiyo ya sonara inaniuma, maana ndiyo inayolisha wezi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa hata aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi. Bei ya kutupa ni sababu tosha. Na lile kovu, ndugu yangu! Kuna bibi atalitambua kwa kidole tu.

Muuliza swali: Ahsanteni. Picha ya riale ile ninayo, nimeshawapelekea masonara wa mtaani wasiiyeyushe. Kijana akirudi, nataka kitambulisho na nizungumze na mkubwa wa nyumba yao. Asipokubali, sinunui hata moja, na polisi nitawaarifu.