Tupeane uzoefu: mgonjwa aliyekufundisha kuuliza kwanza

SistaWaMakulu
Habari za jioni wadau. Mimi ni muuguzi, wodi ya wanawake, hapahapa Dodoma mjini, mwaka wa 11 sasa. Naomba kila mmoja asimulie mgonjwa mmoja tu, yule aliyekufanya ubadilishe namna unavyohudumia. Ndugu wa wagonjwa nanyi karibuni, nyie mnaona tusiyoyaona.

Naanza na wangu. Bibi wa upande wa Bahi alilazwa kwetu mara 3 ndani ya mwaka, kila mara presha iko juu. Vidonge anameza, mjukuu anasimamia. Kila akiruhusiwa tunamwambia yaleyale: bibi punguza chumvi, usiache dawa, rudi kliniki. Naye anaitikia, "Haya mwanangu." Kwenye faili tunaandika "ameelimishwa", basi.

Safari ya tatu nilikuwa zamu ya usiku, wodi imetulia, yeye hana usingizi. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi bibi", nikavuta kiti. Sikumuuliza kama anakula chumvi. Nilimuuliza siku ile kabla ya kuletwa alikula nini. Ugali wa uwele na mlenda. Mlenda ulipikwaje? Akanionyesha kwa kidole gumba na cha shahada: bonge la magadi, kubwa kama karanga mbili, kila sufuria. Chumvi alikuwa ameiacha kweli, tangu siku ya kwanza tulipomwambia. Mlenda ukawa umepooza, akaongeza magadi.

Magadi yana sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi. Bibi wa watu alitutii kwa asilimia mia, na sisi tukamhesabu kuwa mbishi. Iliniuma sana.

Tulipanga upya pamoja naye. Wazo la kuweka karanga za kusaga na nyanya badala ya magadi alilitoa yeye mwenyewe. Mjukuu alipofika asubuhi nikarudia mbele yake, maana ndiye anayepika siku bibi akichoka. Sisemi presha ilishuka kwa hilo tu, daktari alibadilisha na dawa. Lakini hakulazwa tena mwaka ule.

Chuoni tulifundishwa hatua 5: kukusanya taarifa, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Ile ya kwanza ndiyo tunayoiruka.

Mrangi_wa_Kondoa
Ahsante sista. Mimi niko kliniki ya kisukari. Kila Ramadhani kuna wagonjwa wanapotea, wakirudi sukari imevurugika. Kuna mzee nilimuuliza wiki moja kabla ya mwezi kuandama: "Mzee wangu, unafunga?" Akaniangalia kwanza. Alidhani nitamgombeza, maana mwaka uliotangulia aligombezwa, akaamua kunyamaza na kuruka vidonge vya mchana peke yake.

Nikampeleka kwa daktari. Dozi za metformini, vidonge vyake vya kisukari, zikapangwa upya, futari na daku. Nikamfundisha dalili za sukari kushuka: jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Akiziona afungulie palepale, asisubiri adhana. Siku hiyohiyo kulikuwa na mama anayechoma insulini, sukari yake inapanda na kushuka hovyo. Yeye alishauriwa asifunge kabisa, na tukakaa naye muda mrefu zaidi, kwa sababu alilia. Ugonjwa mmoja, benchi moja, majibu mawili.

Mtoto_wa_Mpwapwa
Mimi si muuguzi, nilimuuguza baba. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayatoki. Hospitali siitaji. Siku za mwanzo aliitwa "yule wa kiharusi, kitanda cha 9". Akija muuguzi kumwogesha anamsukuma kwa mkono mzima. Ikasemekana ni mkorofi.

Siku ya tano akaja sista mmoja, akainama mpaka usawa wa macho yake. "Shikamoo baba. Hutaki kuoga, au hutaki tukuogeshe sisi?" Baba akanyoosha kidole kwangu. Mzee wa Kigogo kuvuliwa nguo na wasichana wa umri wa binti zake, angekubali vipi?

Sista akaomba niruhusiwe kuingia saa 12 asubuhi, kabla ya muda wa kuona wagonjwa. Akanionyesha namna ya kushika upande uliolegea bila kuuvuta mkono, kumgeuza kila baada ya saa 2, kukagua ngozi ya makalio na visigino isianze kuwa nyekundu. Baba aliondoka pale bila kidonda hata kimoja. Na kuanzia siku ile alikuwa anampa yule sista mkono wa kushoto kila akipita.

Nesi_Manyoni
Nimesoma mpaka machozi. Ila jamani tuseme ukweli. Juzi usiku tulikuwa wauguzi 2, wagonjwa 40 na ushee. Kiti cha kuvuta kukaa na bibi nakitoa wapi?

SistaWaMakulu
Nesi mwenzangu, uchache wetu ni kilio cha haki, na usikubali mtu akwambie unalalamika. Wanaotupangia ikama, yaani idadi ya watumishi, walione hili.

Ninachofanya siku kama hizo ni kuulizia kazini. Mkono ukiwa kwenye kanula (kile kimrija cha dripu mkononi) au kwenye kidonda, mdomo uko huru. Swali moja kwa mgonjwa mmoja: "Nyumbani unaishi na nani?" au "Nini kinakusumbua zaidi ya hiki?" Halafu jibu naliandika kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu, lisife na mimi. Jana niliacha hivi: *Kitanda cha 4, mama anaogopa giza tangu amefiwa, aachiwe taa ya mlangoni.* Asubuhi nimekuta chini yake mwandiko wa mwenzangu: *Imeachwa. Amelala mpaka saa 11.*