Donati za saida ya epo zimenishinda: nje zimeungua, ndani mbichi, na ladha ya epo siioni

BintiTanga (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Michigan, upande wa Grand Rapids, huu mwaka wa tatu. Vuli ya huku si ya mvua kama ya kwetu. Ni majani kugeuka mekundu, baridi ya asubuhi, na watu kubeba watoto kwenda mashambani kuchuma maepo. Ukishuka tu kwenye gari, hata mti hujauona, pua inakupeleka kwenye kibanda wanakouza donati za moto zilizogaragazwa kwenye sukari na mdalasini. Unashushia na kikombe cha saida. Kabla hamjanirukia: saida ya huku si pombe, ni juisi ya epo iliyokamuliwa bila kuchujwa, nzito, rangi kama maji ya ukwaju.

Sasa mimi mama yangu kauza maandazi Ngamiani tangu sijazaliwa, na karai nimelishika nikiwa darasa la nne. Nikaonja ile donati nikasema moyoni, hiki nacho ni kitu cha kumshinda mtu? Nikajitapa kazini kwamba Jumamosi naleta za kwangu. Wenzangu wakashangilia, mmoja akajiwekea oda ya sita kabisa.

Jana jioni nimejaribu. Unga nusu kilo, sukari, siagi, mayai mawili, mdalasini, beking pauda, halafu nikamimina kikombe kizima cha saida kama ilivyotoka dukani. Donge likanata, nikaongeza unga. Likanata tena, nikaongeza tena. Nikalikanda dakika kumi mpaka likawa laini kama la maandazi, nikasukuma, nikakata kwa glasi, nikatumbukiza nane kwa mpigo maana nilikuwa nawahi zamu ya usiku.

Matokeo: ngumu kama chapati ya juzi. Mbili za kuonjea mafuta nje nyeusi, ndani uji. Zile nane zilizofuata nilibonyeza moja kwa kidole ikatoa mafuta kama sponji. Na epo lenyewe? Halipo. Ni mdalasini mtupu. King'ora cha moshi kikalia, jirani wa juu akateremka na taulo kichwani kuuliza kama tutoke nje.

Jumamosi ni keshokutwa. Nakosea wapi? Nawasilisha.


MlaVitumbua

Jirani ulimpa moja, au alirudi na taulo lake hivi hivi?


Mzee_wa_Karai

Marahaba binti. Nimepika jikoni za hoteli Mombasa, kisha huku Massachusetts, na kosa lako kubwa liko kwenye maneno matatu: "nikalikanda dakika kumi". Ulikuwa unapika andazi. Donati hii si ndugu wa andazi, ni ndugu wa hafukeki. Andazi linaumuliwa kwa hamira, linataka kukandwa ili unga ushikane na uweze kubeba ile hewa. Hii inaumuliwa kwa beking pauda na beking soda. Ukiikanda inakaza, inakuwa mpira. Changanya mpaka usione unga mkavu, halafu toa mkono.

Donge lake LAZIMA linate. Usiliongezee unga hata likikuudhi. Lifunike, liweke kwenye friji saa moja, au lilaze hadi asubuhi. Siagi ikishaganda humo ndani utalisukuma bila tabu. Nyunyiza unga kwenye meza, si ndani ya donge.

La pili, saida. Kikombe kimoja cha saida mbichi ni maji yenye harufu ya epo. Ukitaka epo lisikike, chukua vikombe viwili, tia kwenye sufuria pana, chemsha bila kufunika mpaka vibaki nusu kikombe. Inachukua nusu saa hivi. Simama karibu dakika za mwisho. Povu likianza kuwa la viputo vikubwa vizito na kijiko kikirudi na utando kama asali nyepesi, epua. Ukizubaa inageuka jeli, ukizubaa zaidi unakuwa na sufuria ya kukwangua. Na iache ipoe; ukiimwaga ya moto kwenye mayai utapata mayai ya kuvuruga.

Vipimo vyangu, kwa kikombe cha Kimarekani:

Unga wa ngano vikombe 3 na nusu, beking pauda vijiko vya chai 2, beking soda kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko cha chai 1, kungumanga ya kukwangua kidogo tu. Pembeni piga siagi laini vijiko vikubwa 4 na sukari kikombe 1, tia mayai 2 moja moja, kisha ile saida iliyopungua, kisha maziwa ya mtindi nusu kikombe. Mwishoni unga. Basi.

Mtindi usiuruke. Ukali wake ndio unaoiamsha soda, na ndio unaofanya donati iwe laini.


BintiTanga

Mzee wangu Mungu akuweke. Kumbe hata beking soda sikuweka! Hiyo ni ile magadi ya kupikia maharage?


Mzee_wa_Karai

HAPANA. Magadi ya maharage ni kitu kingine, makali, utapata donati yenye ladha ya sabuni. Nunua ya kiboksi, iliyoandikwa ya kuokea. Na mtindi usipoupata, maziwa nusu kikombe na nusu kijiko kikubwa cha ndimu, yaache dakika kumi yakatike.


Abuu_Nasra

Assalaam aleikum. Niko Leicester. Huku kwetu ukisema saida umesema pombe, iko rafu moja na bia. Sasa dada anaposema si pombe naomba uhakika, maana wanangu wameona video za hizo donati na hawanipi usingizi.


Mzee_wa_Karai

Waaleikum salaam. Ni jina moja, vitu viwili. Marekani na Kanada wakitaja saida bila neno la ziada wanamaanisha juisi isiyochujwa. Yenye pombe wanaiita saida kali. Huko kwako Uingereza neno hilo ni la pombe, kwa hiyo usinunue kwa jina. Tafuta juisi ya epo isiyochujwa, ile isiyopenyeza mwanga, isiyoongezwa sukari. Ukiichemsha ipungue kazi inakuwa ile ile.

Na hata huku, saida mbichi ikikaa sana kwenye friji inaanza kuchachuka. Ukifungua kifuniko kikalia "pss", iache.

Jambo jingine kwenu mnaokula halali: ukienda shambani uliza wanakaangia nini. Wengi ni mafuta ya mimea, ila jiko la kizamani linaweza kuwa bado na mafuta ya nguruwe. Kuuliza si ujinga.


Pemba_Asilia

Mimi niliposoma "donati za tufaha" kwenye uzi mwingine nilidhani ni lile tufaha letu la Pemba, jekundu kwa nje, jeupe ndani, linanukia marashi. Nikasema huyu anakamua juisi gani humo? Asante kwa kuandika epo.


Njombe_Baridi

Epo hata Njombe yapo bwana, tena mazuri. Ila sisi tunayatafuna tu, hakuna anayekamua.


Mdadisi1

Kidogo tu niwachomekee. Mashine ya kutengeneza donati yenyewe ilitoka New York mwaka 1920, ya Adolph Levitt, mhamiaji kutoka Urusi. Alikuwa akikaanga dukani kwake, wateja wakazidi mikono yake, ndipo akatafuta mashine. Kampuni yake ndiyo iliyotoa donati ya saida sokoni mwaka 1951. Kwa hiyo hivi vitu wanavyoviita vya mababu si vya mababu sana. Mama yake BintiTanga huenda alianza maandazi kabla.


BintiTanga

Mdadisi mama yangu hajafikia umri huo, nitamwambia.


Iliki_Kwanza

Mimi ningetia iliki. Bila iliki hicho si kitafunio.


Mzee_wa_Karai

Iliki ni malkia, lakini akiingia chumbani wengine wote wananyamaza. Umechemsha saida nusu saa kutafuta epo, halafu unaliziba? Hapana. Iliki iweke kwenye mahamri ya Jumapili.


MamaFuraha_Goma

Dada, tuko mji mmoja! Mimi ni wa Goma, na nimeshapita hapo unapopita. Wote wamesema juu ya donge, mimi niongee juu ya moto, kwa sababu moto ndio ulinitesa.

Kwetu tulikaanga kwa makala, yaani mkaa. Ukiona mafuta yamezidi, unaondoa makala mbili, yanashuka. Jiko la umeme la huku halina adabu: ukilipunguza, lile duara linabaki jekundu dakika nyingi na mafuta yanaendelea kupanda. Ndiyo maana mbili zako za kwanza ziliungua. Kisha ukaweka nane pamoja, baridi zikashusha moto ghafla, donati zikakaa zinakunywa mafuta badala ya kuiva. Ni ugonjwa mmoja, umeonekana kwa sura mbili.

Nunua kipimajoto cha mafuta, bei yake si kitu. Unataka nyuzi 185 za Selsiasi, kwa vipimo vya huku ni 365. Ukitia donati itashuka kidogo. Ikifika 175 ngoja ipande kabla ya kutia nyingine. Tatu kwa mara moja, nne kama sufuria ni pana. Tumia ya chuma kizito, inashika moto vizuri. Mafuta yawe na kina cha vidole vitatu, ya kanola au ya karanga.

Unene wa donge: sentimita moja na kitu. Tundu la katikati si pambo. Ulipoacha kulitoboa, kati palikuwa mbali na moto. Mimi nakata kwa glasi, katikati natumia kifuniko cha chupa ya soda. Vile vidonge vya katikati kaanga kwanza, ni kipimo chako cha mafuta, na watoto watakoma kukuzunguka.

Ikiingia itazama, baada ya sekunde chache itaelea. Upande mmoja dakika moja na nusu hivi, geuza MARA MOJA, upande wa pili pungufu kidogo. Ukiona juu pamepasuka kama ardhi ya kiangazi, usiogope, ndiyo inatakiwa. Sukari inashika kwenye hiyo mipasuko.

Sukari: isubiri dakika moja tu baada ya kuepua. Ikiwa ya moto sana sukari inayeyuka, ikipoa haishiki kitu.

Na king'ora, fungua dirisha na uwashe feni ya jikoni KABLA ya kuwasha jiko. Mimi kilinilia mtoto akiwa amelala.


BintiTanga

Tundu! Hata sikutaja kwenye maelezo, nawe umeliona. Kweli sikutoboa, nilizifanya duara zima kama skonzi.


MlaVitumbua

Mimi bado nasubiri habari za jirani.


BintiTanga (mrejesho, Jumamosi usiku)

Wakuu nimerudi.

Ijumaa nilitoka kazini asubuhi, sikulala. Nikachemsha saida. Mzee alisema nusu saa, yangu ilikula dakika arobaini, sufuria yangu ni nyembamba na ndefu. Ilipofikia kuwa na rangi ya chai ya rangi nikachovya kijiko nikalamba: kali, tamu, epo tupu, meno yakasisimka. Hapo nikajua juzi nilikuwa nacheza.

Donge liliponata mikono yenyewe ilitaka kwenda kwenye unga, nikaikalia. Friji, nikalala kwa muda wa saa nne. Niliporudi lilikuwa limekaa kama udongo wa kufinyangia.

Nilikaanga tatu tatu. Hivyo vidonge vya katikati mwanangu kavimaliza amesimama. Zilitoka donati kumi na saba. Ya kumi na nane ilikatika nikiigeuza, hiyo nikaila mimi na sijutii. Nje kuna kaukau fulani ka sukari kanakovunjika, ndani ni laini, haina mafuta, na epo unalisikia mwishoni, baada ya mdalasini kupita.

Kazini zimeisha kabla ya saa nne asubuhi. Yule wa oda ya sita kapata mbili.

Nimegundua kitu kimoja: nilizobakiza nyumbani, jioni zilikuwa zimeanza kuwa nzito na sukari imeloa. Ni kawaida?


MamaFuraha_Goma

Hongera sana dada! Ndiyo, ni kawaida, hizi ni za siku hiyo hiyo. Za kesho zipashe kwenye oveni dakika tano kisha uzigaragaze tena kwenye sukari. Maikrowevu hapana, itazifanya ulimbo. Kama unataka kupeleka za moto, donge ndilo la kulaza, si donati.


Abuu_Nasra

Nami nimejaribu kwa juisi isiyochujwa, alhamdulillah. Mke wangu anasema ni kalimati iliyokwenda shule.


Mzee_wa_Karai

Kazi nzuri binti. Mwaka ujao jaribu kuchanganya saida ya epo chachu, zile za McIntosh, uone tofauti.


BintiTanga

Nitazitafuta mzee. Swali la mwisho wakuu: mafuta yaliyobaki ni karibu lita mbili, naona uchungu kuyamwaga.


MamaFuraha_Goma

Usithubutu kuyamwaga kwenye sinki, bomba litaziba na mwenye nyumba atakuletea bili. Yaache yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa kuondoa unga uliozama, weka kwenye chupa gizani. Yanafaa mara mbili tatu zaidi kama hayajanuka wala kutoa moshi mapema.


BintiTanga

Basi kesho ni mihogo.


MlaVitumbua

Na jirani?


BintiTanga

Nilimpelekea mbili kwenye sahani. Leo karudisha sahani ikiwa na maepo sita juu yake, na kauliza nitakaanga lini tena ili afungue madirisha yake mapema.