Forester ya tabo inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi, naomba ushauri (Nakuru)

Forester_wa_Lanet:
Habarini wadau. Niko na Subaru Forester ya tabo ya 2003, SG5 injini ya EJ205, na inanimaliza kwa petroli. Kitambo nikijaza tanki hapa Nakuru nilikuwa nafika Kisumu na kurudi na bado kuna kitu, sai nikirudi hata Mau Summit sijafika taa imeshawaka. Asubuhi nikiiwasha ploti nzima inanuka petroli, na nikikanyaga kupanda kilima nyuma inatoka moshi mweusi. Plagi nikizitoa zimejaa masizi makavu. Nimebadilisha plagi, filta ya hewa na sensa ya oksijeni, taa ya injini ikazima kidogo ikarudi, skana inasoma kodi ya P0172. Sasa fundi anasema injini imechoka ninunue ingine eksi-Japani, na hiyo pesa wadau ni ya karo ya watoto. Kuna mwenye amepitia hii?

mama_K58:
Pole kaka. Geji ya joto inakaa wapi ukiwa barabarani? Nauliza juu huku kwetu gari ikichemka mara moja tu fundi anatoa thamostati, ile valvu ya kushikilia joto la injini, anatupa, na mwenye gari haambiwi.

Forester_wa_Lanet:
Asante dada. Inakaa chini ya nusu, na nikishuka Salgaa inarudi chini zaidi.

resi_tu:
Hiyo ni eaflo boss, ile sensa ya kupima hewa inayoingia, nunua ingine umalize.

fundi_mamboleo:
Omera injini usinunue, na eaflo pia wachana nayo kwanza. P0172 maana yake kompyuta imepunguza petroli mpaka ikafika mwisho na bado sensa inaona petroli imezidi, lakini haisemi inatoka wapi. Kwa hivyo swali la kwanza ni inazidi wakati gani. Injini ikipata moto weka skana uangalie fueli trimu, yaani asilimia ya petroli kompyuta inaongeza (plus) ama inapunguza (minus), gari ikiwa imesimama inanguruma tu, halafu ishikilie resi ya 2500. Ikiwa minus ni kubwa ikisimama na inapungua ukiongeza resi, kuna petroli inaingia kwa njia ya pembeni, pengine injekta inavuja, pengine regyuleta ya presha ya petroli imepasuka ndani, ama ile valvu ya kuvuta mvuke wa tanki imekwama wazi. Ikiwa imesimama iko sawa lakini tabo ikianza kusukuma ndio moshi unakuja, tafuta hewa inayotoroka kati ya tabo na throtoli, ile valvu inafunguka ukikanyaga. Hewa inapita kwa eaflo kwanza inahesabiwa, kompyuta inamwaga petroli ya hiyo hewa yote, halafu nusu njia hewa inatorokea kwa hosi iliyopasuka ya intakula, ile inapoza hewa ya tabo, na petroli inabaki bila hewa yake. Kama aliyekuuzia alifunga bloofu, valvu ya kuachilia hewa ya tabo, ya kupiga kelele nje, ni hivyo hivyo kila ukiachilia mguu.

Mama K58 ako sawa kuhusu thamostati, hii injini inafaa kukaa kama digrii 85 mpaka 95, ikikaa 65 kompyuta inaongeza petroli makusudi ikijua bado iko baridi. Irudishe. Lakini hiyo peke yake siamini inaleta P0172.

Jaribio la bure: injini ikiwa baridi, chomoa ile hosi ndogo ya vakyumu ya regyuleta uinuse. Ikiwa na petroli usiiendeshe tena, hiyo ni moto inangoja. Na nusa oili kwa dipstiki.

resi_tu:
Lakini eaflo chafu pia inaweza kudanganya.

fundi_mamboleo:
Inaweza, ndio, ila mara nyingi ikiwa chafu inasoma hewa kidogo, petroli inapungua. Isafishe na spreyi yake, usiiguse na kitambaa.

Forester_wa_Lanet:
Wadau nimerudi. Trimu ikisimama ilikuwa minus 22, kwa 2500 minus 9. Hosi ya regyuleta nikaichomoa, petroli ikadondoka kabisa! Nimeweka regyuleta ingine na thamostati, kwa nyumba ya thamostati hakukuwa na kitu dada, ulijua. Sai ikisimama ni minus 3 na asubuhi hainuki. Moshi wa kupanda bado upo kidogo, na hosi ya juu ya intakula ina mpasuko chini ya klipu, nimeagiza ingine. Oili inanuka petroli na imepita alama ya juu. Naweza ngojea hosi ifike nifanye yote pamoja?

fundi_mamboleo:
Hapana. Oili na filta badilisha leo. Bearing za tabo zinalainishwa na hiyo hiyo oili, na ikiwa imechanganyika na petroli haishiki. Hosi inaweza kungoja, mradi usikanyage mpaka tabo isukume.

mama_K58:
Na karo peleka shule kaka 🙏